Barua kwa mwanangu: Ganesh wa shaba na madoa ya kijani

Mwanangu,

Jai Shri Krishna. Ujumbe na picha nimepata. Umeuliza kwa nini Ganesh wako wa shaba, murti (sanamu ya ibada) ya mungu mwenye kichwa cha tembo, hapo Msasani ameota madoa ya kijani nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya tumbo, na kama umsugue kwa limau na chumvi kisha umpake vanishi. Pia unataka ushauri wa kununua murti ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, siku ya Dhanteras, siku yetu ya kununua vitu vya madini mwanzoni mwa Diwali, sikukuu ya taa.

Vanishi usipake kabisa, na limau liweke kando kwanza.

Shaba ya njano, pittal yetu, ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ikiachwa hewani hugeuka kahawia polepole, na hilo halina ubaya. Kijani huja unyevu unapokutana na chumvi au asidi, na kwako vyote vipo: upepo wa bahari unaingia dirishani, na panchamrut, ule mchanganyiko mtakatifu wa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, unammiminia. Mtindi una asidi, asali na sukari vinanata, samli inashika vumbi. Tazama tena picha uliyonitumia. Paji la uso na mkonga ni safi, kwa sababu kitambaa kinafika. Kijani kimeanzia kule kisikofika. Kinachokusumbua basi ni kukausha, wala si kung'arisha.

Mwoshe hivi. Mvue nguo na shada, utandike taulo ndani ya beseni ili asigonge. Maji ya vuguvugu lita 2, sabuni ya vyombo kijiko kimoja cha chai, mswaki mpya ulio laini. Kumkum, ile poda nyekundu ya ibada, na msandali vilivyokauka usivikwangue kwa sindano. Lowesha pamba, ibandike hapo dakika 10, kisha uvitoe kwa njiti ya meno. Suuza, futa kwa kitambaa cha pamba, halafu maliza kwa drayeri ya nywele, moto mdogo, mpaka kila mkunjo ukauke. Mgeuze umkaushe na chini pia, maana murti nyingi ndogo zina uwazi kwenye kitako na maji hujificha humo.

Doa likibaki, tumia ukwaju. Loweka gramu 30 kwenye nusu kikombe cha maji ya moto kwa dakika 15, kamua, chuja, tia unga wa dengu hadi iwe uji mzito. Paka kwenye doa tu, dakika 3 hadi 5, usizidishe. Suuza na uoshe tena kwa sabuni. Chumvi usitie. Wengi huitia kwa kuwa inaharakisha kazi, lakini punje zikisalia mkunjoni ndizo zitakazoleta kijani kipya. Kwa suuza ya mwisho nunua maji ya betri kituo cha mafuta, hayana chumvichumvi. Soma chupa vizuri: chukua maji, si asidi ya betri, ambayo itakuunguza wewe na murti.

Ukiona sehemu imegeuka waridi, asidi imekaa mno. Imeila zinki, ikaacha shaba nyekundu juu. Kuosha hakuirudishi rangi. Inabidi kusugua, na kila ukisugua unapunguza shaba yenyewe. Zinazotangulia kupotea ni kope na mstari wa mdomo. Ndiyo maana murti nyingi za zamani zina nyuso zilizolika kama sabuni ya bafuni, na inauma kuona sura iliyochongwa kwa ustadi hivyo ikifutwa na mikono inayoipenda. Kung'arisha kabla ya Diwali kunatosha kwa mwaka mzima. Stiliwaya na msasa visimguse kamwe. Brasso nayo huacha unga mweupe kwenye mikunjo, na panchamrut inayopita juu yake mnainywa.

Hapo kwenye kunywa nakusihi uwe makini, hasa kwa vile una watoto. Shaba ya njano, na zaidi ile ya zamani, mara nyingi huwa na madini ya risasi kidogo ndani yake, ambayo ni sumu, na asidi huyavuta. Andaa panchamrut kwenye bakuli la stili, mimina, ikusanye papo hapo, isituame kwenye sahani ya shaba. Siku uliyotumia dawa ya kung'arisha, msinywe.

Vanishi naikataa kwa sababu unamwogesha. Itachubuka, maji yatapenya chini yake, na doa litaota mahali usipoweza kulifikia bila kuibandua yote. Murti ya kuangaliwa tu, isiyoogeshwa, ipake nta ya nyuki nyembamba sana, kisha uifute mpaka kidole kisinate.

Lakshmi mnunue asiyezidi shubiri moja, kama ilivyo desturi kwa murti ya nyumbani. Nenda na sumaku: ikinasa, ndani ni chuma. Kisha mpime uzito, na umzamishe kwenye chombo cha maji kilichojaa hadi ukingoni, hewa yote ikitoka kitakoni. Kila mililita 100 zinazomwagika zinapaswa kulingana na gramu 850 hivi. Ukipata 270, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa rangi. Kazi nyingi za dukani hutoka Moradabad na Aligarh, India. Za Swamimalai, Tamil Nadu, huundwa kwa nta kwanza, na kalibu ya udongo huvunjwa kila mara, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana kabisa, na bei yake iko juu. Ukipewa ya zamani yenye weusi wake, ipanguse vumbi tu. Ule weusi ni ngozi yake.

Muuzaji akikupunguzia bei ya Ganesh eti jino limevunjika, usishtuke: yeye ni Ekadanta, yaani mwenye jino moja la tembo, la pili huwa pungufu. Lakini kidole au mkono ukivunjika kweli, gundi haitoshi. Murti hiyo haiabudiwi tena. Baharini usiitupe, shaba haiyeyuki kama udongo. Ipeleke hekaluni, umwombe pujari, kuhani wetu, aiage, kisha umpelekee fundi wa kuyeyusha.

Mama yako