Wasomaji Wauliza: Kovu la Moto na Vipodozi vya Kulifunika

SWALI: Mshauri mpendwa, miaka miwili iliyopita jiko la mafuta taa lilinilipukia, nikaungua shavu la kushoto na shingo. Vidonda vilipona, namshukuru Mungu, lakini kovu limebaki, na kila nipandapo matatu kwenda kazini naona macho ya abiria yakitua papo hapo. Nimesikia kuwa kuna vipodozi maalumu vya kufunika makovu, ila mama asema kujipaka ni kuwadanganya watu. Nifanyeje? – Msomaji wa Kayole, Nairobi.

JIBU: Pole sana, dada yangu. Naelewa hofu ya mama, lakini sikubaliani naye: uso ni wako, na ni haki yako kuamua nani alione kovu lako na lini. Lydia O'Leary wa Marekani, aliyezaliwa na alama nyekundu usoni, alijitengenezea krimu ya kuifunika na kupata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1932. Na huko Uingereza, Shirika la Msalaba Mwekundu lilianza mwaka 1975 kuwafundisha wagonjwa namna ya kujipaka krimu za aina hii.

Krimu hizi hutofautiana na faundesheni ya kawaida kwa kuwa zina rangi nzito zaidi na hustahimili jasho na maji. Hupakwa kidogo kidogo kwa kudonoadonoa kwa ncha ya kidole, bila kusugua, kisha hunyunyiziwa poda, ambayo huachwa dakika chache kabla ya kupangusa inayozidi. Ikiwa kovu lako ni jeusi kuliko ngozi, tangulia na tabaka jembamba la rangi ya chungwa. Likiwa jekundu, tangulia na kijani. Usichague rangi chini ya taa za dukani. Toka mlangoni uitazame kwa mwanga wa mchana, wala usishangae ukilazimika kuchanganya rangi mbili, kwa sababu nyuso zetu ni nadra kuwa na weusi wa namna moja tangu paji hadi kidevu.

Fahamu pia kwamba krimu huficha rangi tu. Haisawazishi kovu lililoinuka. Keloidi, yaani makovu yanayovimba na kuota kupita mpaka wa kidonda, ambazo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, ni za daktari, anayeweza kuzipunguza kwa sindano au kwa vibandiko vya silikoni. Usipake penye kidonda kibichi, jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku moja au mbili, na uiondoe yote kila usiku kwa mafuta ya kusafishia uso. Na nakusihi sana: usikubali kuuziwa mkorogo eti utafuta kovu, kwani baadhi yake una zebaki, ambayo hudhuru figo.

Jambo moja hunitia wasiwasi kuliko rangi yenyewe. Ukifika mahali ambapo huwezi kwenda hata kioski cha jirani bila kujipaka, basi kovu ndilo linalokuamulia siku yako, na hapo unahitaji mshauri nasaha pamoja na krimu. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kitengo cha majeraha ya moto. Anza kwa kuwauliza wahudumu wa huko, na ukienda, mchukue mama mwende pamoja, asikie mwenyewe.