Mume wangu alininunulia tanzanite Karibiani, sasa sonara ananikosesha usingizi

Shangazi, huenda umri wetu unalingana, lakini nakuita hivyo kama wanavyokuita wasomaji wengine. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 60, naishi Tabata. Binti yetu ni nesi Marekani. Mwaka huu alitualika mimi na baba yake, akatulipia safari ya meli ya kitalii ya siku saba kutoka Miami. Tuliposhuka Charlotte Amalie, kisiwani St. Thomas, mume wangu aliona dirisha la duka limeandikwa TANZANITE kwa taa, akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Aliingia, akanichagulia pete, akalipa dola 1,900 kwa kadi yake, pesa za mafao. Walitupa na cheti kinachosema thamani yake ni dola 3,800. Katika miaka 34 ya ndoa sijawahi kupewa pete nyingine zaidi ya ile ya kanisani.

Tumerudi wiki tatu sasa. Pete inanibana, nikaipeleka kimya kimya kwa sonara mjini aipanue. Akaitazama, akasema dhahabu ni karati 14 tu, jiwe limechomwa, tumepigwa. Akataka kuinunua kwa laki tisa. Nimemwachia aipanue kwanza. Nilipomsimulia mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini, eti kufuata tanzanite Karibiani ni sawa na kufuata karafuu za Pemba Ulaya. Usiku silali. Nimwambie mzee? Niiuze?

Mama wa Tabata

*

Dada yangu, kabla hujamaliza kusoma, mpigie simu huyo sonara. Mwambie asiiguse pete kwa moto mpaka mzungumze. Pete yenye jiwe ikipanuliwa mara nyingi hukatwa, ikaongezwa kipande, kisha ikaungwa kwa moto wa gesi, na tanzanite haivumilii joto la ghafla. Inaweza kupasuka mbele ya macho yake. Fundi anayejua kazi hulitoa jiwe kwanza, akaunga dhahabu, akaiacha ipoe, ndipo akalirudisha. Mwulize atafanyaje. Akikujibu kwamba hakuna shida, atalifunika tu, nenda kachukue pete yako.

Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kupeleka hereni zangu za tanzanite zisafishwe, fundi akazitumbukiza kwenye mashine ya mitetemo yenye maji ya moto, ile wanayosafishia dhahabu. Moja ilitoka na ufa mwembamba kama unywele, umekatiza jiwe kutoka kona hadi kona. Ninayo mpaka leo sandukuni. Kuivaa siwezi, kuitupa siwezi.

Sasa tuje kwenye maneno yaliyokukosesha usingizi.

Jiwe limechomwa. Ndiyo, karibu hakika limechomwa, kama ilivyochomwa karibu kila tanzanite uliyowahi kuiona kwenye pete ya mtu. Nyingi hutoka ardhini Mirerani zikiwa na rangi ya kahawia. Huwekwa kwenye tanuri la nyuzijoto kama 500 hadi 600 za Selsiasi, kahawia ikaondoka, ikabaki buluu na zambarau. Rangi hiyo haifutiki, na hakuna anayelihesabu jiwe kuwa bovu kwa sababu hiyo. Tena hata maabara za vito kwa kawaida haziwezi kutofautisha tanzanite iliyochomwa na mtu na ile iliyopata joto ardhini. Basi sonara wako hakugundua kitu ndani ya jiwe lako. Alikuambia jambo linalojulikana kuhusu karibu tanzanite zote, ila alilisema kwa sauti ya mtu aliyefichua wizi.

Karati 14. Hapa naelewa kwa nini ulishtuka. Sisi wanawake wa pwani tumekulia kwenye dhahabu ya karati 21 na 22, ile ya manjano kweli, bangili unazoweza kuzipinda kwa kidole. Tukisikia 14 tunaona tumeuziwa bati. Lakini Marekani karati 14 ndiyo dhahabu ya kawaida kabisa ya pete. Ina dhahabu asilimia 58.5, iliyobaki ni madini mengine yanayoipa ugumu, na kwa pete yenye jiwe ugumu huo ni faida, kwa sababu vile vikucha vinavyolishika jiwe havilegei haraka. Pete ya karati 22 ingekuwa nzuri machoni, na siku moja ungejikuta unalitafuta jiwe kwenye sinki.

Swali la maana ni moja: mliambiwa ni karati ngapi? Chukua risiti na pete, kaa penye mwanga, azima kioo cha kukuzia, utazame upande wa ndani wa pete. Kuna muhuri mdogo kama chawa. Ukisoma 585 au 14K, ni karati 14. Ukisoma 750 au 18K, ni karati 18, na sonara ndiye aliyekosea. Kisha linganisha na risiti. Risiti ikisema 14 na muhuri ukasema 14, hakuna aliyewadanganya. Risiti ikisema 18 na muhuri ukasema 14, hapo mmeibiwa, na suala hilo si la kulala nalo hata usiku mmoja. Aliyelipa ni mzee, kwa kadi yake, kwa hiyo ni yeye anayepaswa kuliandikia duka na kwenda benki kulalamikia malipo hayo, tena wiki hii, maana malalamiko ya kadi na dhamana za maduka vyote vina siku zake. Msiitie pete kwenye bahasha mkairudisha kwa posta. Kupeleka kito nje ya nchi kuna taratibu za Tume ya Madini, na hata ukisafiri nayo kidoleni siku nyingine, tembea na risiti.

Ukiwa pale penye mwanga, fanya na hili. Igeuze pete polepole kwenye jua la asubuhi. Tanzanite ya kweli hubadilika: upande huu buluu, ukiigeuza zambarau, na pengine utaona wekundu wa zabibu ukipita. Kioo kilichopakwa rangi hakifanyi hivyo. Hilo si kipimo cha mwisho, ila litakupa pumzi mpaka umpate mtaalamu wa vito asiye na nia ya kununua. Kama mnaenda kaskazini, Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, na mji ule umejaa watu ambao kazi yao ya kila siku ni jiwe hili.

Nimesema asiye na nia ya kununua, na nakuomba uliangalie hilo vizuri. Yule yule aliyekuambia pete haina maana ndiye aliyetaka kuichukua kwa laki tisa. Mtu hakimbilii kununua takataka. Simwiti mwizi, anafanya biashara, na pete iliyokwisha valiwa popote duniani hununuliwa kwa bei ndogo kuliko ya dukani. Lakini bei ya mnunuzi haikuambii mlidanganywa. Wala kile cheti cha dola 3,800 hakikuambii kitu, kwa kuwa kimeandikwa na muuzaji mwenyewe. Kifunge kwenye faili, usikitegemee.

Je, mlilipa zaidi? Nadhani ndiyo, na sitakuficha. Kwenye meli zile kuna mtu kazi yake ni kuwaeleza abiria maduka ya kununua vito bandarini. Huwapa ramani yenye maduka yanayopendekezwa, na maduka hayo hulipia kuwemo. Meli inakaa bandarini saa chache, abiria wanashuka kwa maelfu, na muuzaji anajua kwamba jioni mtakuwa mmekwenda. Atakuambia tanzanite ni adimu mara elfu kuliko almasi na mgodi unakaribia kwisha. Inachimbwa mahali pamoja kweli, pale Mirerani, eneo la kilomita chache tu duniani kote, lakini maneno yale ni ya kukufanya utoe kadi kabla hujafikiri. Kodi ya duka, ramani, taa za dirishani, vyote mmevilipia ndani ya zile dola 1,900. Msomaji mwingine anayejiandaa kwa safari kama hiyo asikie: tazama, uliza, andika bei, rudi melini ukale chakula cha mchana. Ukiona bado unaitaka, rudi.

Lakini mzee hakununua kwa sababu ya ramani, dada. Soma tena barua yako mwenyewe. Alisimama kama aliyeitwa jina lake. Mtanzania mstaafu, nchi ya watu, bahari ya watu, akaona jina la nchi yake limewashiwa taa. Jiwe lile lilichimbwa Manyara, na kama lilipita njia ya wenzake wengi lilikatwa Jaipur, India, likavuka bahari mpaka kisiwa ambacho hamkuwahi kukiota, na yeye akalitoa pale akalirudisha nyumbani kidoleni mwako. Mdogo wako anacheka kwa sababu anahesabu nauli.

Na huyo mdogo wako ndiye anayenitia hofu kuliko sonara. Anajua jambo ambalo mumeo halijui. Siku ya kipaimara au ya kutoa mahari, watu wamekaa, atalitoa kama kichekesho, na shemeji yangu atasikia mbele ya ukoo kwamba zawadi yake imepimwa, imethaminishwa laki tisa, na mkewe alilijua hilo akanyamaza. Aibu hiyo haifanani na ya kulipa bei kubwa.

Kwa hiyo mwambie, na iwe leo. Usianze na laki tisa. Mwambie pete ilikuwa inakubana, ukaona aibu kusema, ukaipeleka mjini ukitaka kumshangaza. Mwambie sonara alisema nini, kisha mkalishe karibu na taa, mpe kioo, msome muhuri pamoja. Wanaume wengi wa umri wake wanapenda kupewa kitu cha kuchunguza. Akiuliza kama walimpiga, mjibu ukweli: labda bei ilikuwa juu, na risiti ndiyo itakayosema kama kuna zaidi ya hapo. Akinyamaza, mwache anyamaze. Halafu mpigie mdogo wako umwambie, kwa upole lakini kwa maneno yanayoeleweka, kwamba hadithi ile imeishia kwako.

Kuuza, usiuze. Laki tisa zitaisha kwa bili ya umeme na ada ya mjukuu, na kidole kitabaki kitupu mbele ya macho yake kila siku.

Ila ivae kwa adabu. Tanzanite ni laini kuliko yakuti na almasi, na vumbi letu la Dar lina chembe za mchanga zinazoweza kuikwaruza. Ivue unapokanda unga, unapofua, unapoingia baharini. Isitoke kwenye joto la jiko kwenda moja kwa moja kwenye maji ya friji. Ioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, basi. Na uwe na kisahani kimoja, mahali pamoja, pa kuiweka unapoivua.

Ukishasoma ule muhuri, niandikie unasemaje.