Maswali na Majibu: Swichi Yako Inaitwaje?

*Seva zetu tumeziita simba, chui na twiga. Fundi mpya anasema ni utoto. Ni kweli?*

Si utoto. Waraka wa RFC 1178 wa mwaka 1990 (RFC ni nyaraka za kanuni na ushauri wa intaneti), ulioandikwa mahsusi kuhusu kuichagulia kompyuta jina, unayakubali majina ya fungu moja, kama ya rangi. Yanakumbukika, na yanatamkika vizuri kwenye simu. Kwa seva tano, bakini na simba wenu. Zikifika arobaini, aliyeamshwa usiku wa manane atajuaje nyumbu yuko chumba gani na anafanya kazi gani?

*Basi ndani ya jina niweke nini?*

Kile kisichobadilika. Swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao kwa nyaya, ikishafungwa kwenye rafu hukaa hapo miaka, kwa hiyo b2-g3-swichi-04 (jengo la pili, ghorofa ya tatu) ni jina zuri. Kompyuta mpakato huzurura, hivyo iandikie namba ya mali tu. Jina la mtumiaji usiliweke: atahama idara, na mashine itaendelea kuitwa yeye. Toleo la programu nalo liache. Niliwahi kukuta seva inayoitwa "mpya", nayo ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko zote chumbani.

Namba zianze na 01, si 1, la sivyo kwenye orodha 10 itakaa kabla ya 2.

Na kazi ya seva, ambayo hubadilika? Ipe jina la pili kwenye DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za mtandao, kwa rekodi ya CNAME, yaani lakabu inayoelekeza kwenye jina halisi. Watu waite "barua". Leo jina hilo lielekee seva hii, kesho nyingine, na hakuna atakayejua mmehama.

*Herufi gani zinaruhusiwa?*

A hadi Z, tarakimu na kistari, ila kistari kisianze wala kisimalizie jina. Mstari wa chini haumo. DNS haibagui herufi kubwa na ndogo. Kila kipande cha jina kinaweza kufika herufi 63, lakini jina la NetBIOS, mfumo wa zamani wa majina kwenye Windows, huishia 15, kwa hiyo jibane humo.

*Mtandao wetu wa ndani unaishia na .local, na mara nyingine printa haionekani.*

Chunguza hapo kwanza. Tangu RFC 6762 ya mwaka 2013, .local imetengewa mDNS, yaani vifaa kuulizana majina vyenyewe bila seva, na seva yenu ya DNS inagombania jina hilohilo. Nyumbani tumia home.arpa. Ofisini tumia tawi la kikoa (jina la intaneti) chenu wenyewe, au .internal, ambayo ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti, iliitenga mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani.

*Nibadilishe majina yote wikendi hii?*

Hapana! Jina la zamani limejificha kwenye vyeti vya usalama vya seva, skripti na ratiba za chelezo (nakala za akiba). Vifaa vipya vipewe majina ya mtindo mpya. Vya zamani vistaafu na majina yao.