Anti Jikoni: Saladi ya sukuma na matunda ya watu 30

Anti salamu sana. Niko Minneapolis, kanisani kwetu kila mwisho wa mwezi tunakula pamoja baada ya ibada, kila mtu anakuja na chakula chake kinawekwa meza moja. Sisi Wakenya kila mara ni pilau na chapati, pilau na chapati, sasa mama mmoja wa kamati ameniomba safari hii nilete kitu kibichi. Nimefikiria saladi ya sukuma wiki na matunda ila zile nimeonja kwa watu ni ngumu unatafuna mpaka taya zinauma, alafu maepo yashageuka kahawia na chini ya bakuli kuna maji. Tutakuwa kama 30. Na je, naeza iandaa Jumamosi usiku, manake Jumapili asubuhi na watoto wawili sina hata dakika?

Dada, Jumamosi usiku ndio wakati wake kabisa. Letasi ukiitia ndimu usiku asubuhi imelala chali, lakini sukuma jani lake ni gumu, linahitaji huo muda ndo lilainike. Hao waliokulisha sukuma ya kuumiza taya shida yao ni moja tu, walikata wakamwagia sosi wakapeleka mezani. Hawakuifikicha.

Sasa sikiza. Nunua vifungu vinne, na ukipata ile ya majani marefu membamba ya kijani iliyoiva karibu nyeusi, ina vipelevipele, chukua hiyo kuliko ile ya kujikunjakunja, ni laini zaidi mdomoni. Toa ule mti wa katikati wote, shika shina kwa mkono mmoja na mwingine uvute jani kuelekea juu, linachomoka lenyewe. Osha, alafu kausha vizuri na taulo safi, hapo usiwe na haraka manake maji yakibaki kwenye majani ndo hayo unakuja kuyakuta chini ya bakuli. Kata nyembamba vile ungekata ya kukaanga. Tia kwenye bakuli kubwa na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, maji ya ndimu robo kikombe na mafuta ya zeituni vijiko viwili vikubwa, kisha ingiza mikono yote miwili ufikiche kama unavyofikicha kitunguu cha kachumbari. Dakika tatu nne hivi. Utaona rangi inabadilika mbele ya macho yako, kijani cha vumbi kinakuwa kijani cha kung'aa, na lile rundo lililokuwa linamwagika nje ya bakuli linashuka karibu nusu. Onja jani moja. Kama bado linapigana na meno endelea, kama limekubali funika weka friji.

Ya shibe sasa, manake saladi ya majani matupu kwenye meza yenye pilau hakuna atakayeigusa. Hapo mimi naweka viazi vitamu, vitatu vikubwa, unakata vipande vya kidole gumba unapaka mafuta na chumvi kidogo unaoka kwa 425 Farenhaiti nusu saa hivi mpaka kingo zimeshika rangi, vipoe kabisa kabla havijakutana na sukuma. Na maharage meupe ya kopo mawili, suuza chuja. Hivi vyote unamaliza Jumamosi usiku, viazi weka kwa chombo chake.

Matunda ni ya asubuhi, na uko mahali pazuri dada yangu, kwa sababu epo linaloitwa Honeycrisp lilizalishwa hapo hapo kwenu Chuo Kikuu cha Minnesota, likatolewa kwa wakulima mwaka 1991, na hadi leo sijaona linalolishinda kwenye saladi, linavunjika kwa sauti na lina uchachu wake. Manne yanatosha. Usimenye, kata vipande vidogo na palepale uyageuzegeuze kwenye maji ya ndimu, hayatageuka rangi upesi. Ongeza kikombe cha kranberi kavu, hizo jirani zenu wa Wisconsin wanalima kuliko jimbo lolote la Marekani, na punje za komamanga moja ukilipata. Papai, tikiti na ndizi usiweke kabisaaa, zinatoa maji na kupondeka, saladi nzima inakuwa uji.

Sosi ni rahisi, mafuta ya zeituni nusu kikombe, ndimu robo kikombe, asali vijiko viwili vikubwa, haradali kijiko kimoja cha chai, tia kwa chupa ya jamu tikisa. Nusu imwagie sukuma asubuhi, nusu ibebe na chupa yake umalizie ukifika. Mbegu za maboga zilizokaangwa kavu nyunyiza mwisho zisilegee. Njugu na korosho usichanganye humo, weka kwa kibakuli pembeni na karatasi umeandika ni nini, chizi pia hivyo hivyo, manake kuna watoto ambao njugu moja inawapeleka hospitali na mama zao watakushukuru sana. Na ibada zikirefuka bakuli likae kwenye friji ya jikoni ya kanisa, likishawekwa mezani lisizidi masaa mawili.

Ukiweza subiri mwezi wa kumi ununue kwa wakulima baada ya umande wa barafu kuanza, sukuma iliyopigwa na baridi huwa tamu zaidi kwa sababu mmea wenyewe unaongeza sukari kujikinga usigande.

*

Anti, mimi niko Umoja, Nairobi, chama chetu pia tunabebeana chakula. Hii sukuma yetu ya kwa mama mboga inalika mbichi kweli?

Inalika, ila chagua majani machanga ya juu, yale mapana ya chini ni ya sufuria. Na usimwambie mama mboga akukatie, najua ni raha kukatiwa, lakini ikishakatwa huwezi kuiosha vizuri tena. Osha jani moja moja, mbele na nyuma, maji yakitiririka, bila sabuni. Lingine la kusema wazi ni kwamba kuna mboga za mjini zinamwagiliwa maji machafu ya mto, na kuosha hakutoi kila kitu, kwa hivyo kama hujui shamba ilikotoka, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili, toa, poza na maji yaliyochemshwa, kamua, endelea na saladi yako. Inakuwa laini, hata kufikicha hutafikicha. Matunda yako ni embe lisiloiva sana na chungwa, na kwenye sosi badala ya ndimu kamulia pasheni tatu, mbegu na zote, hiyo harufu peke yake watu watauliza.

*

Anti, mume wangu anameza warfarini ya kuzuia damu kuganda, ameambiwa sukuma ni sumu kwake. Ni kweli?

Sumu hapana. Sukuma ina vitamini K nyingi, na hiyo ndo inayovutana na warfarini, kwa hivyo hatari ni kubadilisha ghafla, wiki hii hajagusa, wiki ijayo bakuli zima. Madaktari wengi wanataka ale kiasi kilekile kila wiki ili dozi ipangwe kulingana na chakula chake, basi kabla hujaanza kumwandalia hizi saladi aongee na kliniki inayompima damu. Na wewe na wale dada wawili wa juu, balungi usiliweke kwenye saladi ya watu, linagombana na dawa kadhaa za kolesteroli na presha na kwenye meza ya watu wengi huwezi kujua nani anameza nini.