Maswali na Majibu: Kusoma Nje, Madalali na Pesa ya Mzazi

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nusu yake zinauliza kitu kilekile. Nimechambua.

Nchi gani ni rahisi kwenda kusoma? (Msomaji, Morogoro)

Rahisi kwa fani gani, kwa pesa kiasi gani, na kwa matokeo gani ya kidato cha sita? Uliza upya.

Kuna wakala hapa anataka shilingi milioni 2 amwombee mwanangu ufadhili wa serikali ya Uturuki. Anasema ana mtu wake ndani. Nimpe? (Mzazi, Mwanza)

Usimpe hata mia. Fomu ya ufadhili wa Uturuki, Türkiye Bursları, hujazwa mtandaoni na mwombaji mwenyewe, bure, na dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa Februari. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa shahada ya uzamili, nayo huombwa bure, na inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi pamoja na ahadi ya kurudi nyumbani miaka 2. Kwa hiyo mtu akimwambia kijana aliyevaa joho juzi kwamba "atampitisha" Chevening, mwizi amejitambulisha mwenyewe.

Hukuniuliza kuhusu wanaojilipia ada, lakini nitasema. Vyuo vingi vya Uingereza na Australia humlipa wakala kamisheni kwa kila mwanafunzi aliyemleta akasajiliwa. Ndiyo maana kuna ofisi zinazokuhudumia bila kukutoza senti, na kodi ya jengo wanalipa. Wengine wanakula huku na huku, kama dalali wa vyumba Sinza. Kamisheni yenyewe si kosa. Kosa ni mzazi kukaa kwenye kiti cha wageni, akanyweshwa soda, na asiulize: "Chuo hiki unachonisukumia kinakulipa kiasi gani, na kile nilichokitaja mimi kinakulipa?" Uliza hivyo, kisha mtazame usoni.

Mke wangu anaweza kunifuata Uingereza nikienda kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja? (Msomaji, Dodoma)

Kwa uzamili wa kawaida wa kukaa darasani, hapana. Mlango huo ulifungwa Januari 2024. Umebaki wazi hasa kwa wanaosoma shahada za utafiti, kama uzamivu.

Binti yangu amepata nafasi ya udaktari China, ada nafuu kuliko vyuo binafsi vya hapa. Tatizo liko wapi? (Baba, Mbeya)

Huenda hakuna. Lakini umeniandikia ada, bweni na tiketi ya ndege, hujaniandikia jina la chuo. Anza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Wao ndio watakaoitambua au kuikataa shahada hiyo siku binti atakaporudi, na wao ndio wanaotoa barua ya kutokuwa na pingamizi kabla hajaondoka. Kisha nenda Baraza la Madaktari Tanganyika, uulize aliyesoma nje anatakiwa kupita hatua gani mpaka apate utarajali na usajili. Yote mawili yafanyike kabla hujalipa, maana kila mwaka napata barua ya mzazi anayeanza kuuliza haya mtoto akiwa mwaka wa nne.

Jambo la pili ni wodini. Darasani watamfundisha kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wa kitanda namba sita ni bibi wa kijijini anayejua Kichina tu. Mwanafunzi ambaye hakukazania lugha tangu mwaka wa kwanza atasimama nyuma ya wenzake akiangalia mgongo wa daktari. Mwambie binti Kichina si somo la ziada.

Ujerumani ni bure, sivyo? (Msomaji, Kisumu)

Vyuo vya umma vingi havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg linamtoza anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Na ili upate viza utatakiwa uonyeshe pesa ya kuishi: wengi hufungua akaunti ya zuio, yaani unaweka pesa yote kwanza kisha unaruhusiwa kuitoa kidogo kidogo kila mwezi; mwaka 2025 ilidaiwa euro 11,904 kwa mwaka. Hiyo ndiyo "bure" yenyewe.

Tunapokea wageni wanaokuja kujifunza Kiswahili, wanakaa nyumbani kwetu. Mume wangu anasema tunachopata ni kodi tu na usumbufu wa choo. Ni kweli? (Mama, Unguja)

Bi mkubwa, swali lako ndilo bora kuliko yote, kwa sababu huku tumezoea kujiona sisi ndio tunaokwenda kuomba nafasi kwao. Utafiti wa HEPI, taasisi ya Uingereza inayochunguza sera za elimu ya juu, na wenzake, uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kuwa wanafunzi wa kigeni walioanza masomo Uingereza mwaka 2021/22 wangeiingizia nchi hiyo pauni bilioni 41.9 kwa muda wote wa masomo yao, na kuigharimu bilioni 4.4. Mgeni njoo mwenyeji apone, na Waingereza wamepona haswa.

Kwako ni vivyo hivyo, kwa kipimo chako. Ukiacha kodi, kuna mwalimu wake, dereva wa daladala, muuza urojo. Na kuna mwanao wa darasa la tatu, anayemkatiza mtu mzima aliyesema "kitabu yangu" na kumrudishia "kitabu changu" huku anatafuna kachori. Mtoto huyo hatakuja kuogopa mgeni maisha yake yote. Sharti langu ni moja: msimsemeshe Kiingereza mezani. Amelipa ili akosee.

Halafu, mgeni si Mzungu peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimpokea kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo, na baadaye akaja John Garang kutoka Sudan, aliyekuja kuongoza wapiganaji wa kusini. Leo kijana wa Bujumbura au Bukavu akitafuta chumba karibu na chuo, mwenye nyumba anamdai kodi ya mwaka mzima na kumuuliza kama ana vibali, kwa sauti ambayo hawezi kumpandishia Mjerumani. Hilo ni aibu, na ni biashara mbovu.

Kwa nini serikali isizuie vijana kwenda nje? Wakienda hawarudi. (Msomaji, Nairobi)

Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 kwenda kusoma Kansas, akaendelea Pittsburgh, akarudi, akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, na Nobel ya Amani akaipata 2004. Ungemzuia? Na baadhi ya wasiorudi walijaribu kurudi, wakakuta cheti chao kinazungushwa ofisi hadi ofisi.

Mwanangu amesema atafanya kazi London ajilipie ada mwenyewe. (Mama, Tabata)

Mama, viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 kwa wenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Zidisha: pauni 244 kwa wiki, ikiwa kazi ataipata wiki ya kwanza, na hapo hajalipa chumba, basi wala chakula. Mwambie akuandikie hesabu yake yote kwenye karatasi kabla hujauza kiwanja.