Nimempa mwanangu jina Ismail, shemeji anasema ni la Kiyahudi

SWALI: Assalamu alaykum ustadhi. Nimejaaliwa mtoto wa kiume, akika ni Jumamosi. Tumemwita Ismail. Shemeji yangu amenitia wasiwasi: anasema jina hilo asili yake si Kiarabu bali ni la Mayahudi, nitafute jingine. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amkuze katika twaa. Mwachie jina lake.

Kuhusu asili, shemeji yako hakukosea. Ni Kiebrania, Yishmael: yishma ni "husikia", El ni "Mungu". Kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, kinasimulia malaika alivyomkuta Bi Hajara, mamake Ismail, jangwani, penye chemchemi, mja mzito aliyekimbia mateso ya nyumbani. Akaambiwa mtoto aitwe hivyo kwa kuwa Mungu amesikia shida yake.

Sasa lisikilize hilo yishma kwa sikio la Kiarabu. Ni samia, mzizi uleule: sin, mim, ain. Ukiinuka kwenye rukuu unasema nini? Samiallahu liman hamidah. Rakaa 17 za faradhi kila siku, na maana ya jina la mwanao imo mdomoni mwako. Naye Nabii Ibrahim, akimshukuru Allah kwa kumpa Ismail na Is-haka uzeeni, alisema kwamba Mola wake ni Mwenye kusikia maombi (Surat Ibrahim, aya ya 39). Mimi kila nikiifikia aya hii husita kidogo kabla ya kuendelea.

Tena Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba Ismail alijifunza Kiarabu kwa Jurhum, kabila lililohamia Makka penye maji ya Zamzam. Alikuwa na jina lake kabla hajakijua Kiarabu! Tukikataa majina kwa sababu hiyo, tutawafuta Yusuf, Yaqub na Musa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwita mwanawe Ibrahim, na hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim.

Mayahudi nao walilitumia. Karne ya 2 Miladia walikuwa na mwanachuoni Yishmael ben Elisha. Kwetu, babake Imamu Bukhari ni Ismail, na Ibn Kathir mfasiri wa Qur'ani jina lake hasa ni Ismail. Moroko ilitawaliwa na Moulay Ismail tangu 1672 hadi 1727.

Shemeji mweleze kwa upole, nia yake ni kuilinda dini. Jumamosi chinjeni mbuzi wawili mkiweza, mnyoeni nywele, na mumwite Ismail.

Wallahu aalam.