Maswali na Majibu: Faili Kubwa kati ya z/OS na Linux

SWALI: Mhariri, salaam. Kampuni yetu ya bima ina kompyuta kuu ya IBM Z inayoendesha mifumo miwili ya uendeshaji, z/OS na Linux, kwa pamoja. Kila usiku tunahamisha faili ya madai kwa FTP (njia ya kutuma faili kupitia mtandao), nayo imekuwa kubwa kiasi kwamba kunakucha kazi haijaisha. Je, haiwezekani mifumo yote miwili ikasoma diski ileile? — Msomaji, Toronto

JIBU: Inawezekana, ila kwa upande wa Linux itakuwa ni kusoma tu. Katika s390-tools, mkusanyiko wa zana za Linux kwa mashine za IBM Z, imo programu iitwayo zdsfs, ambayo huionyesha diski ya z/OS kama saraka ya kawaida, mradi diski hiyo iwe imewashwa katika hali ya raw_track_access, yaani Linux iisome ikiwa ghafi. Programu hiyo husoma faili za mfuatano na zile za PDS (faili moja iliyobeba faili ndogo ndani yake). VSAM, mpangilio mwingine wa faili wa z/OS, haiijui, kwa hiyo kama madai yenu yamehifadhiwa humo, yanakilini kwanza kwenye faili ya mfuatano kwa amri ya REPRO ya IDCAMS, programu ya z/OS ya kushughulikia faili.

Angalieni suala la kufuli. Ndani ya z/OS, sehemu iitwayo GRS huzuia kazi mbili zisigombanie faili moja, lakini kwa kawaida Linux haimo katika utaratibu huo na kufuli zake haizioni, hivyo inaweza kusoma faili ambayo bado inaandikwa. Kazi ya Linux ianze baada tu ya ile ya z/OS kufunga faili.

Jambo linalowaponza wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni msimbo wa herufi. Herufi A, kwa namba za heksadesimali, ni C1 katika EBCDIC (msimbo wa z/OS) na 41 katika ASCII (msimbo wa Linux), na zdsfs isipoagizwa haibadilishi chochote, kwa hiyo mtashawishika kuibadilisha faili nzima kwa mkupuo. Msithubutu. Kiasi cha 1,234 kilichohifadhiwa kwa COMP-3, namna ya COBOL ya kubana tarakimu mbili katika baiti moja, huandikwa 01 23 4C, ambapo C ya mwisho ni alama ya chanya. Baiti hiyo ya mwisho ndiyo pia alama ya < katika EBCDIC, nayo ikibadilishwa huwa 3C, yaani tarakimu 4 imegeuka 3 bila mashine kulalamika. Badilisheni sehemu za maandishi peke yake, mkifuata mpangilio wa rekodi ulioandikwa katika programu yenu ya COBOL. Rekodi zikiwa na urefu tofautitofauti, ongezeni chaguo la rdw la zdsfs, linalobakiza alama ya urefu wa kila rekodi, ili mipaka yake isipotee.

Ikiwa Linux italazimika kuandika pia, bakini na FTP au NFS (njia ya kutumia faili za mashine nyingine kupitia mtandao), lakini mpitishe data kwenye HiperSockets, ambayo huisafirisha kupitia kumbukumbu ya mashine yenyewe bila kugusa nyaya za nje.